Mkanda wa Usalama ni Deni la Mwenye Gari Kabla ya Kuwa Wajibu wa Abiria

Ninaunga mkono sheria inayomlazimu kila mtu aliye ndani ya gari kufunga mkanda wa usalama, na ninaiunga mkono bila kusitasita. Ninachopinga ni mazoea yetu hapa Kenya ya kuishika sheria hiyo mkiani, yaani kwa abiria, ilhali mtu wa kwanza anayepaswa kuulizwa ni yule aliyekiweka kiti ndani ya gari, akakitoza nauli, wala asihakikishe kwamba mkanda wake unafunga.

Tarehe 1 Februari 2004, siku ya Jumapili, kanuni zilizochapishwa katika Tangazo la Sheria nambari 161 la mwaka 2003 zilianza kutekelezwa. Waziri wa Uchukuzi wakati huo alikuwa marehemu John Michuki, na jina lake limegandamana na kanuni hizo kiasi kwamba hadi leo watu huziita sheria za Michuki na hakuna anayezitaja kwa nambari. Ziliagiza kila kiti cha gari la abiria kiwe na mkanda, kila gari la aina hiyo liwe na kidhibiti mwendo cha kulizuia lisipite kilomita 80 kwa saa, mstari wa manjano upakwe ubavuni, na dereva na makanga wavae sare. Matatu ndogo zilizokuwa zikibeba abiria 18 zikatakiwa kubeba 14. Magari mengi hayakuwa tayari siku ilipofika, na maelfu ya watu walilazimika kwenda kazini kwa miguu.

Lalamiko moja la wakati huo halijanitoka akilini. Abiria walisema mikanda ilikuwa michafu, kwamba iliacha alama kwenye shati jeupe la mtu anayekwenda ofisini, na kwamba huenda ikawaambukiza magonjwa ya ngozi. Wengi waliliona lalamiko hilo kuwa la watu wanaojidekeza. Mimi naliona kuwa lalamiko zito kuliko yote yaliyotolewa, kwa sababu lilikuwa linauliza swali ambalo bado halijajibiwa: je, ni nani anayewajibika kuifanya sheria hii iwezekane kutiiwa? Mtu aliyelipa nauli na kukuta mkanda umelowa, umekakamaa kwa vumbi na jasho, au umekatika, hawezi kuitii sheria hata akitaka.

Waliotunga kanuni walilijua jambo hili. Kanuni za makosa madogo ya trafiki zilizotolewa mwaka 2016 zinamtoza shilingi 500 mtu asiyefunga mkanda gari likiwa linakwenda, zinamtoza mwenye gari shilingi 1,000 kwa kila kiti kisichokuwa na mkanda, na zinamtoza tena shilingi 500 mwenye gari la abiria ambaye hakuiweka mikanda yake katika hali ya usafi, ukavu na kuvalika. Kwa hiyo karatasi inagawa mzigo vizuri kuliko watu wanavyodhani, na katika karatasi hiyo mwenye gari ndiye anayebeba sehemu kubwa. Barabarani mambo ni kinyume. Askari wa trafiki akifungua mlango wa matatu, macho yake huenda kwenye mapaja ya abiria. Mwenye gari hayupo pale. Yuko nyumbani, au anaendesha biashara nyingine, au ni mtu ambaye askari hatamani kumsumbua.

Kila anayesafiri kwa matatu kati ya miji yetu anaujua mchezo unaochezwa kabla ya kizuizi cha polisi. Dereva wa gari linalokuja upande wa pili huwasha taa kuonya, naye makanga hugeuka na kusema, «Fungeni mikanda, kuna polisi mbele.» Mikanda huvutwa kutoka chini ya viti. Wale ambao mikanda yao haina kifungio huilaza tu mapajani na kuishika kwa mkono ili ionekane kana kwamba imefungwa. Gari hupita, na kabla halijafika kilomita moja mikanda imerudi sakafuni. Abiria hawa si wajinga wala si wakaidi. Wamefundishwa na utekelezaji wenyewe kwamba hatari inayokingwa na mkanda ni askari, na kwamba askari akishapita hatari nayo imepita.

Inafaa basi kueleza hatari yenyewe ni ipi, kwa maana nimegundua kwamba hata watu waliosoma hawaijui vizuri. Gari linapokwenda kilomita 50 kwa saa, kila kilichomo ndani yake kinakwenda kasi hiyo hiyo, pamoja na mwili wako. Gari likigonga kitu kigumu husimama, lakini mwili wako haujasimama. Unaendelea mbele kwa kasi ile ile hadi ukutane na kioo, usukani, chuma cha kiti cha mbele au mgongo wa mtu mwingine. Kipigo hicho ni sawa na cha mtu aliyeanguka kutoka urefu wa takriban mita 10, yaani paa la nyumba ya ghorofa tatu. Katika kilomita 80 kwa saa, mwendo ambao sheria yenyewe inauruhusu, urefu huo unafika mita 25. Hakuna mtu ambaye angekaa ukingoni mwa paa la jengo la ghorofa nane akaamini kwamba mikono yake itamdaka akianguka, lakini ndivyo tunavyoamini tunaposhikilia kile chuma cha kiti kilicho mbele yetu.

Kazi ya mkanda ni kukufanya usimame pamoja na gari badala ya kusimama baada yake. Hunyumbuka kidogo ili kukupa nafasi ya kupunguza mwendo, na huupeleka uzito kwenye mifupa yenye nguvu ya nyonga na kifua badala ya kuuacha uishie kichwani. Mkanda wa kisasa unaopita kifuani na kiunoni ulibuniwa mwaka 1959 na Nils Bohlin, mhandisi wa kampuni ya Volvo ya Uswidi, ambaye kabla ya hapo alikuwa akitengeneza viti vya kuwarusha marubani nje ya ndege zilizo hatarini. Volvo iliacha hataza ya mkanda huo, yaani haki ya kuutengeneza peke yake, wazi ili watengenezaji wengine wautumie bila malipo, uamuzi ambao kwa maoni yangu unastahili heshima kuliko mashine nyingi zinazosifiwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mkanda hupunguza hatari ya kifo kwa waliokaa mbele kwa kiasi cha nusu hivi. Kwa waliokaa nyuma faida ni ndogo kuliko hiyo, lakini bado ni kubwa kiasi cha kutofautisha mtu anayerudi nyumbani na yule asiyerudi.

Hapa ndipo hali ya magari yetu inaponisumbua. Mikanda mingi ya matatu ni ya kiunoni tu. Viti vingi si vile vilivyotoka kiwandani na gari. Matatu nyingi zilikuja nchini zikiwa magari ya mizigo, na viti vikatengenezwa na kufungwa hapa hapa katika gereji zetu. Mkanda wa kiti cha namna hiyo hufungwa kwenye fremu ya kiti, na fremu hufungwa kwenye sakafu ya bati kwa bolti. Mkanda ukiwa mzima na kiti kikang'oka, mtu ataruka pamoja na kiti chake, na hapo mkanda haukumfaa kitu. Ndiyo maana ninasema kwamba kuhesabu mikanda hakutoshi. Mkaguzi anapaswa kuangalia bolti, unene wa bati lililo chini yake, na mahali fremu ilipochomelewa. Abiria hawezi kuyaona hayo. Ameuziwa kiti, naye ameamini kwamba aliyelipatia gari cheti cha ukaguzi ameyaangalia kwa niaba yake.

Mtu akiniuliza kwa nini serikali iingilie jambo linalohusu mwili wa mtu mwenyewe, simdharau. Ni swali la heshima, na ziko nchi zilizolichukulia kwa uzito mkubwa. Jimbo la New Hampshire nchini Marekani halina hadi leo sheria ya kumlazimisha mtu mzima kufunga mkanda. Uingereza ilijadiliana kwa miaka mingi, miswada ikashindwa bungeni mara kadhaa, kabla ya kufunga mkanda kwenye viti vya mbele kuwa lazima tarehe 31 Januari 1983. Watu wazima wa viti vya nyuma walisubiri hadi 1991. Jimbo la Victoria huko Australia lilikuwa limetangulia mwishoni mwa mwaka 1970.

Hata hivyo, hoja ya uhuru inamdhania mtu aliye peke yake ndani ya gari lake, na hivyo sivyo tunavyosafiri sisi. Katika matatu tumekaa bega kwa bega, goti la mtu likigusa mgongo wa mwenzake. Abiria wa kiti cha nyuma asiyefunga mkanda hugeuka kuwa mzigo wa kilo 70 unaorushwa kwenye kisogo cha aliye mbele yake, ambaye huenda alifunga mkanda wake kwa uangalifu wote. Basi uhuru wa huyu wa nyuma unalipwa kwa shingo ya mwingine. Kisha kuna wanaolipa baadaye. Sote tumewahi kuongezwa kwenye kundi la WhatsApp la kuchanga bili ya hospitali ya jamaa aliyevunjika nyonga au aliyelala wiki nyingi bila fahamu. Tunajua harambee hizo zinavyokwenda: shangazi anauza ng'ombe, mtoto wa kidato cha tatu anarudi nyumbani kwa kukosa karo, shamba linawekwa rehani. Katika jamii ambamo jeraha la mmoja hulipiwa na ukoo mzima, sioni ni vipi mtu anaweza kusema kwamba mwili wake unamhusu yeye peke yake.

Wapo pia wanaokubali kwamba mkanda ni mzuri lakini wanataka watu waelimishwe badala ya kulazimishwa. Uingereza ilijaribu njia hiyo kwa miaka mingi, ikitumia matangazo ya televisheni yaliyojulikana na kila mtoto, na bado karibu watu 4 tu kati ya 10 walikuwa wakifunga mikanda viti vya mbele. Sheria ilipoanza, idadi hiyo ilipanda haraka hadi zaidi ya 9 kati ya 10. Watu walikuwa wale wale, na elimu waliyokuwa nayo ni ile ile. Kilichobadilika ni kwamba kufunga mkanda hakukuhitaji tena kuelezwa.

Jambo hili la kutohitaji kueleza lina uzito wa pekee kwetu. Ukipanda gari la mjomba wako ukafunga mkanda kiti cha nyuma, anaweza kukuuliza kama unahofia uendeshaji wake. Mama mzee akimwomba makanga amtafutie kiti chenye mkanda mzima, wengine watamwona anajitakia mabaya au anaita ajali. Adabu yetu inatufanya tunyamaze, na wengi wamekufa wakiwa na adabu. Sheria humpa mtu mpole neno la kusema bila kumvunjia mwingine heshima: «Mjomba, ni sheria tu.» Sidhani kama kuna kampeni ya elimu inayoweza kufanya kazi hiyo. Nchini mwetu umewahi kufanyika uchunguzi ambapo vibandiko viliwekwa ndani ya matatu kuwahimiza abiria wamkemee dereva anayeendesha vibaya, na madai ya bima ya magari hayo yakapungua sana. Watafiti James Habyarimana na William Jack wa Chuo Kikuu cha Georgetown ndio waliousimamia, na kutokana nao ikazaliwa kampeni ya Zusha. Kilichowapa abiria sauti ni ruhusa iliyoandikwa mbele ya macho yao. Sheria ya mkanda ni ruhusa ya aina hiyo, ila imeandikwa kwa wino mzito zaidi.

Kuna hofu moja ambayo siwezi kuipita bila kuijibu, nayo ni ya kunaswa ndani ya gari linaloungua au linalozama. Katika nchi iliyoona basi la wanakwaya likisombwa na Mto Enziu kule Mwingi mwezi Desemba 2021, watu zaidi ya 30 wakapoteza maisha, hofu hiyo si ya kubuni. Lakini ajali za moto na maji ni chache mno zikilinganishwa na kugongana na kupinduka, na hata katika hizo, anayeweza kujiokoa ni yule ambaye hakupoteza fahamu kwa kipigo cha kwanza. Mkanda ndio unaompa nafasi ya kubaki na fahamu hizo. Hofu hii inarudi tena kwa mwenye gari, kwa kuwa kifungio chenye kutu kinachogoma kufunguka ni hatari ya kweli, na tiba yake ni kifungio kipya, si kukaa bila mkanda.

Hoja ya wale wanaosema kwamba dereva aliyejifunga hujiamini kupita kiasi na kuongeza mwendo ilitolewa kwa nguvu huko Uingereza miaka ya 1980, hasa na mwanajiografia John Adams. Kwetu ilijibiwa kabla ya kuulizwa, kwa sababu kanuni za 2004 zilileta mkanda pamoja na kidhibiti mwendo. Kosa letu ni kwamba tuliviacha vyote viwili vilegee. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Oktoba 2018 basi lilipinduka Fort Ternan, paa likang'oka, na watu zaidi ya 50 wakafa. Mwezi uliofuata, tarehe 12 Novemba, serikali ikatangaza kwamba sheria za Michuki zinarudi. Zilirudi kutoka wapi? Hazikuwa zimefutwa. Zilikuwa kwenye vitabu muda wote huo, na zikaonekana kwa wiki kadhaa, kisha tukarejea kwenye mchezo wetu wa kizuizini. Sheria inayotekelezwa kwa misimu, baada ya mazishi makubwa, humfundisha mtu kungoja msimu upite.

Sidai kwamba mkanda utaponya barabara zetu. Zaidi ya watu 4,000 wamekuwa wakiuawa barabarani kila mwaka katika miaka ya karibuni, na kundi kubwa kuliko yote ni la wanaotembea kwa miguu, wakifuatiwa na waendeshaji na abiria wa pikipiki. Hao hawana kiti wala mkanda, na wanahitaji njia za miguu, vivuko na kofia za kukinga kichwa. Kulisema hilo si sababu ya kuwasahau waliomo ndani ya magari.

Watoto wananiuma zaidi. Katika matatu mtoto mdogo hupakatwa ili asilipiwe nauli, na mzazi huamini kwamba hakuna mahali salama kuliko kifuani pake. Mtoto wa kilo 10, gari likigonga kwa kilomita 50 kwa saa na kusimama ndani ya nusu mita, huvuta mikono ya mzazi wake kwa nguvu ya karibu kilo 200. Hakuna mzazi anayeweza kumshika, hata angempenda kiasi gani. Kumfungia ndani ya mkanda mmoja na mtu mzima ni kubaya vilevile, kwa kuwa mwili wa mkubwa utamkandamiza. Ikiwa nauli ndiyo inayomwondoa mtoto kwenye kiti chake, basi nauli ya mtoto ndiyo inayopaswa kuzungumziwa na vyama vya wenye matatu na serikali, na izungumziwe kabla ya kumlaumu mama aliyebeba mtoto na mizigo akiwa na pesa za kiti kimoja. Katika mabasi ya shule, ambako watoto hubanwa watatu kwenye kiti cha wawili, hakuna udhuru wa nauli hata kidogo, maana wazazi wamekwisha kulipia.

Nikipewa nafasi ya kupendekeza, ningeuhamisha ukaguzi kutoka barabarani hadi steji. Gari likiwa limesimama, kabla halijajaa, ni rahisi kuangalia kila mkanda, na abiria anayekuta kiti chake hakina mkanda awe na haki ya kukikataa na kurudishiwa nauli yake papo hapo, na kiti hicho kisiuzwe tena hadi kirekebishwe. Kiti kimoja kisichouzwa kati ya Nakuru na Nairobi kitamuuma mwenye gari kila safari, na kitamfikisha kwa fundi haraka kuliko faini ambayo haimfikii. Mkanda ukiwa mzima, safi na karibu na mkono, abiria asiyeufunga atozwe shilingi 500 zake, na sitamtetea. Faini yenyewe ilipwe kwa njia inayoacha risiti, kwa sababu faini inayokusanywa mkononi kando ya barabara haimfunzi mtu kitu isipokuwa bei ya siku hiyo.

Na katika hesabu hiyo ya viti aingizwe makanga. Kanuni zinamtaka avae sare na awe na beji, lakini katika matatu nyingi ndogo hana mahali pa kukaa. Husimama ameinama mlangoni, mgongo ukigusa paa, mara nyingi mlango wenyewe haujafungwa sawasawa. Ni kijana anayewaambia wengine wafunge mikanda huku yeye akiwa hana wa kufunga. Gari lisipewe cheti cha ukaguzi mpaka kiti chake kiwepo, kikiwa na mkanda wake, wala kisihesabiwe miongoni mwa viti vya kuuzwa.